Aliyetaka Kuambiwa Kwanza

Ndugu, jamaa na majirani, mlioketi na mliosimama ukutani, historia hii ya marehemu Fundi Rula inasomwa na mdogo wake kwa niaba ya familia, nayo haikupakwa rangi, kwa sababu mwenyewe angetufokea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1966 hadi 1972, masomo yakakomea hapo, ushonaji akajifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na tarehe 2 Juni 1979 akaajiriwa kiwanda cha sare, akapanda hadi kuwa mkuu wa wakataji.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na muuza vitambaa wa duka la mkabala, mjane wetu huyu hapa, wakajaliwa binti na mvulana, na shemeji atashuhudia kwamba mumewe alikuwa na wivu, mteja akicheka naye mara mbili, chakula cha jioni hakishuki.

Mwaka 2009 kiwanda kiliunganishwa na kile cha ng'ambo ya barabara, hawa wakawaita wale wageni, wale wakawaita hawa wenye nyumba, kitambaa kikiharibika kila upande ukiusukumia mwingine, na kutoka ng'ambo akaja msimamizi mpole, tunayemwita Dada Taratibu, ambaye marehemu hakumpenda, na tusidanganyane, sababu haikuwa utendaji wa dada huyo, ulikuwa wivu uleule. Siku moja jora zima la mashati ya shule lilikatwa mikono ya kushoto mitupu, na mkataji aliyeharibu, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, akampita pale mezani, akaenda kumweleza Dada Taratibu. Marehemu aliwaka, akamfuata mkataji huyo, akamuuliza kwa nini hakuja kwake, akajibiwa mbele ya wote, "Kusema ukweli unapenda, Fundi, kuambiwa hupendi."

Lilimchoma, mtu aliyejisifu miaka thelathini kwamba hana kona kona, kumbe watu walimficha kila kitu, wakampelekea mwanamke aliyekuja juzi. Kesho yake, mashine hazijawashwa, akabwaga mezani suruali aliyoikosea yeye, akatangaza kwa sauti ya ugomvi, "Hii nimeharibu mimi, nani mwingine?" Watu wakadhani ni mtego, ikapita wiki akileta za kwake peke yake, hadi mshonaji mmoja wa ng'ambo alipokuja na kola iliyopinda, marehemu akameza hasira mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akasema asante, kisha akageuka kuangalia kama Dada Taratibu ameona. Tangu hapo wawili hao wakashindania nani ataambiwa kwanza, makosa yakaletwa mezani kila asubuhi, ya wageni na ya wenye nyumba, mpaka majina hayo yakasahaulika. Wanaosema aliunganisha kiwanda kwa moyo mkunjufu wanamsingizia, ulikuwa wivu, na ulifanya kazi.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, akaanza kuugua ini Novemba 2023, akalazwa tarehe 4 Februari 2024. Daktari alimweleza binti kwamba dawa zimefika mwisho, binti akaogopa, akamwambia Dada Taratibu, naye alipoingia wodini macho mekundu, marehemu akang'aka, "Hata kufa kwangu umeambiwa kwanza wewe?" Akamjibu, "Binti yako yuko kwenye benchi nje, Fundi, anaogopa utamfokea." Marehemu akaomba binti aitwe, akamwambia, "Anza mwanzo, mwanangu, usiruke kitu," akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akauliza nani hajajua, akasema hao atawaambia yeye, kabla mtu fulani hajamtangulia.

Alifariki tarehe 21 Februari, saa nane mchana, sote tukiwa tumeambiwa, na kwa kinywa chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotuletea viti na turubai, na wafanyakazi wenzake wa kiwanda kizima. Dada Taratibu, shemeji anasema ulipata maneno mengi ya mumewe kuliko yeye, hilo hajalimeza, lakini amekuwekea nafasi kando yake, njoo ukae, umsimulie.

Kaka, pumzika kwa amani.