Daftari la Makosa ya Wenzangu

Jina la Bwana lipewe sifa, Bwera na hapa Kasese pia! Ndugu zangu wa Bulembia, nawasalimu. Naitwa Biira. Nimekuja asubuhi hii kutoka Bwera, na kabla sijasema lolote nikiri jambo moja: tangu niingie humu nimeshahamisha mkoba wangu mara mbili. Sijui ninyi ni watu wa namna gani. Bwana ameniokoa na kushuku, lakini kazi hiyo bado anaendelea nayo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni karani wa mapokezi katika stoo moja ya kahawa pale Bwera. Wakulima wanateremka na magunia yao kutoka Karambi na milima ya karibu. Mimi naikagua kahawa, naandika jina la mwenyewe kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito, kisha lori linaipeleka Kasese kiwandani. Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua bambo, kile chuma chenye ncha, unalichoma gunia mahali pawili patatu, zinatoka punje chache, unaziangalia, unaing'ata moja. Ikipasuka, imekauka vizuri. Jino likizama, bado ina maji, na mwenyewe anairudisha kwenye turubai lake akaianike tena.

Hivyo ndivyo makarani wengine wanavyofanya. Mimi niliona bambo ni chombo cha wajinga, kwa sababu mtu akitaka kukudanganya ataweka mawe mahali ambapo bambo halifiki. Basi kila gunia nililimwaga chini lote, nikalichambua kwa mkono nikitafuta mawe, nikasahau hata kung'ata punje, nikalijaza tena. Katika miaka yangu yote nilipata mawe mara mbili na kipande cha kandambili mara moja, na kila mara nilijiambia, si unaona? Msemo wangu ulikuwa kikulacho ki nguoni mwako. Niliusema asubuhi, nikausema mchana, mpaka Ithungu, dada anayeshona midomo ya magunia, akawa ananimalizia kabla sijafika mwisho.

Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ua wote. Watu walifika saa mbili asubuhi, na saa nane mchana wengine walikuwa hawajasogea. Lori lilipaswa kuondoka adhuhuri, likawa linaondoka jioni. Dereva wake, Hajji Twaha, mtu mpole wa hapa Kasese, alikuwa anatandika mkeka wake kando ya lori, anaswali, anaketi, anangoja. Nilimshuku sana. Mtu asiyelalamika ana lake jambo.

Mwaka jana meneja wetu alituletea mwalimu kutoka Kampala, atufundishe tabia za kujikuza ili kazi yetu iwe na matunda. Mwalimu akasema, kila asubuhi kabla hujagusa kazi, andika mambo matatu utakayomaliza leo. Kila jioni andika tabia moja uliyoona inarudisha kazi nyuma. Akampa kila mmoja wetu daftari dogo la jalada la buluu. Ndugu zangu, nilikaa pale nikiwaza, huyu bwana anataka nini? Mtu anayekuomba uandike udhaifu wako kwa mkono wako mwenyewe, kesho atausomea wapi? Nilikuwa na hakika kwamba meneja atayakusanya madaftari yale ili apate wa kufukuza.

Lakini daftari lilikuwa zuri, sikulitupa. Mwalimu alisema tuandike tabia, nami nikaandika tabia za wenzangu, na za wakulima pia. Ithungu alikuwa anacheka, nilipopita akanyamaza. Twaha ameongea kwa simu nyuma ya lori, kwa nini nyuma ya lori? Mkulima Masereka amefunga gunia kwa fundo nisilolijua. Masereka amekuja na koti la mvua jua likiwaka. Niliandika hivyo kila siku, ukurasa mzima, na sikuruka hata siku moja. Kama kuna mtu aliyeyashika mafundisho yale kwa uaminifu, ni mimi! Wakulima walidhani nachelewa kwa sababu ya kukagua, kumbe nusu ya muda nilikuwa nimesimama naandika.

Ikaja habari kutoka kiwandani. Magunia matatu, ya siku tatu mbalimbali, yalikutwa yameota kuvu, na yote matatu yalikuwa na jina moja kwa mwandiko wangu: Masereka. Meneja akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema lori linachelewa, kahawa inaharibika, na kama msimu utaisha hivi atatafuta karani mwingine. Nina watoto wanne, ndugu zangu, na hiyo ndiyo kazi inayowalisha. Nilitoka pale na hofu. Lakini niseme ukweli, nilikuwa na furaha pia, kwa sababu sasa nilikuwa na mkosaji mwenye jina.

Ijumaa wakulima walikuwa na mkutano wao uani. Nikasimama na daftari langu. Mstari wa mbele aliketi mzee mmoja wa Karambi, Mzee Masereka, ambaye ujanani alifanya kazi Kongo, na koti lake la mvua likiwa mapajani. Sikumpenda kwa sababu hakuwa na mazoea ya kunitazama usoni. Nikamwonyesha kidole mbele ya watu wote, mbele ya wakwe zake, nikasema, huyu ametuletea kahawa yenye maji mara tatu, huyu ndiye anayetuharibia jina.

Mzee alisimama polepole.

"Mutoto yangu," alisema, "miye nilileta kahawa mara moja tu mu hii musimu. Zile siku zingine nilikuwa nalala mu hospitali. Unasema Masereka gani?"

Nyuma yake akasimama mwanamume mmoja. "Miye pia Masereka." Akasimama wa pili, wa tatu, wa nne.

Kwa wale wasio Wakonzo, niwaeleze. Kwetu jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa. Mwana wa kiume wa tatu ni Masereka, atake asitake, kama mimi nilivyo Biira kwa kuwa binti wa pili. Kila nyumba yenye wana watatu ina Masereka wake. Ndiyo maana Mkonzo akitajiwa jina huuliza, wa nani, na la ubatizo ni lipi? Mimi baba yangu ni Mkonzo, mama yangu ni Mkonzo, na jambo hili nililinyonya pamoja na maziwa ya mama. Lakini kwenye magunia na kwenye daftari niliandika Masereka, basi. Sikuuliza zaidi kwa sababu niliona kumuuliza mtu swali ni kumpa nafasi ya kukudanganya. Hivyo katika daftari langu watu watano walikuwa mtu mmoja, mwenye dhambi za wote watano. Si ajabu alionekana mbaya kiasi kile!

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alikunja magunia yake matupu, akavaa koti lake, akaondoka, na watu wa kijiji chake wakamfuata mmoja mmoja hadi nusu ya ua ikabaki tupu. Niliona aibu, ndugu zangu, lakini aibu yangu ilikuwa bado na hasira ndani yake.

Ndipo Hajji Twaha akanijia, kofia mkononi.

"Madamu, ile magunia tatu nilibeba mwenyewe," alisema. "Zote ilikuwa siku ya mvua. Kahawa ilikauka kule juu. Mvua ilikuta watu inje, kwa layini yako."

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hapana mtu. Mimi iko hapa kila siku nangoja. Naona tu."

Mnajua niliandika nini siku ile? Niliandika, Twaha anawatetea, wamempa nini?

Jumatatu nikaamua kumkomesha kwa ushahidi. Asubuhi, foleni ilipokuwa ndiyo kwanza imejipanga, nilikwenda hadi kwa mama mmoja aliyekuwa mwisho kabisa. Nikachoma gunia lake, nikang'ata punje. Ikapasuka. Nikarudi mlangoni kumwaga magunia yangu kama kawaida. Saa sita ikashuka ile mvua yetu ya mlimani isiyopiga hodi. Mama yule akavua leso yake akalifunika gunia, lakini leso ni leso. Alipofika mezani kwangu ilikuwa saa tisa. Nikachoma palepale nilipochoma asubuhi, nikang'ata. Jino likazama.

Nilisimama na punje ile mdomoni, siwezi kuimeza, siwezi kuitema. Kahawa yao ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nailowesha, mwaka baada ya mwaka, kisha nawaita wezi! Nikachukua daftari nikaenda nyuma ya magunia, nikalipekua kurasa zote nikitafuta mahali nilipoandika jambo moja tu la Biira. Halikuwapo. Nikapiga magoti pale vumbini. Sikuona nuru wala sikusikia sauti, na mtu akiwaambia kwamba yeye kila akiomba huona nuru, mchunguzeni. Nilisema tu, Bwana, kuvu ni mimi, nitoe. Nikalia mpaka Ithungu akaja akanishika bega na kuniuliza kama nimefiwa.

Hapo ndipo Mungu alipoanza nami, na alianza na vitu vidogo. Asubuhi iliyofuata niligeuza daftari nikaanza upande wa nyuma. Nikaandika mambo matatu, kama nilivyofundishwa tangu mwanzo na nikakataa. Leo nitatumia bambo. Leo nitamuuliza kila mtu jina lake lote na la baba yake. Leo foleni itaisha kabla ya saa sita. Niliweka daftari mezani wazi, kila mtu alione, na jambo hilo peke yake lilikuwa zito kwangu. Siku ya kwanza vidole viliniwasha, nikamwaga magunia mawili kwa siri. Jioni nikaandika, Biira amemwaga magunia mawili. Lilikuwa kosa langu la kwanza katika daftari lile. Nikamwomba Ithungu aniguse bega kila akiniona naanza kumwaga. Nikashuku kwamba anaifurahia kazi hiyo kupita kiasi, na nilipomuuliza akakubali kwamba kweli anaifurahia.

Ndugu zangu, sikubadilika kwa siku moja. Kuna wiki niliandika kosa lilelile siku tano. Lakini foleni ilianza kufupika. Wiki ya sita lori liliondoka saa sita kamili, na Hajji Twaha akapiga honi mpaka nje ya lango, mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akipiga honi. Msimu uliisha bila gunia jingine la kuvu, na meneja hakutafuta karani mwingine. Wapo watakaosema ni daftari. Mimi nasema daftari nilikuwa nalo muda wote, na nilikuwa naliharibu mpaka Bwana aliponivunja.

Ila Mzee Masereka hakurudi, na jambo hilo lilinikosesha amani kuliko kazi yenyewe. Msimu mpya ulipoanza, nikapanda bodaboda hadi Karambi. Nilimkuta anageuza kahawa juani. Nikapiga magoti kama binti mbele ya baba, nikamweleza yote, tangu foleni hadi punje.

"Nimekusamehe, Biira," akasema. "Lakini kahawa yangu yote sitaiweka mu mikono yako. Nitaleta gunia moja. Nione kwanza."

Akaja kweli na gunia moja. Alisimama karibu yangu akaangalia bambo linaingia wapi, akasoma jina nililoandika, herufi kwa herufi, akaondoka. Wiki iliyofuata, moja tena. Msimu huu wote, hadi juzi, amekuwa hivyo. Bwana ameniokoa na kushuku, lakini mzee alikuwa hajaokoka na kunishuku mimi, na siwezi kumlaumu, maana ugonjwa ule aliambukizwa nami.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, unayewapeleleza wenzako kazini badala ya kuilinda kazi, nakuomba leo umkabidhi Bwana macho yako. Usingoje uwaamini watu wote, hata mimi sijafika huko. Muulize mtu mmoja swali moja, umngoje ajibu. Anza hapo, na Mungu hatakuacha.

Jumanne iliyopita Mzee Masereka aliteremka na magunia mawili. Aliyaweka mezani, akaniambia, "Pima, mutoto yangu," kisha akaenda kuketi na wenzake, akaanza kuzungumza nao habari za mvua, wala hakugeuka kutazama. Nilipima huku machozi yananidondoka kwenye wino. Asante, Bwana Yesu. Asante.