Marehemu Dorika Ezekieli na Picha ya Alasiri Sita

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliofika hapa Issuna, mimi ni Zefania, mdogo wa marehemu, nasoma karatasi hii kama mwenyewe alivyoagiza iandikwe kabla hajafariki, bila kuruka mstari, mnivumilie, mbele kidogo mtaelewa kwa nini.

Dorika Ezekieli alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa hapa Issuna, mtoto wa kwanza wa Mzee Ezekieli na Mama Hana, akasoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akawa hodari wa kuimba kuliko hesabu, jambo ambalo mwalimu wake aliyekaa pale mbele hatalikataa.

Januari 1986 alikwenda Manyoni kufanya kazi za ndani kwa fundi mmoja wa visima, Mwitaliano, ambaye mkewe, Mama Bruna, alikuwa mchoraji. Mama huyo alimwonyesha kitabu cha wachoraji wa kwao wa siku hizi, kimejaa wanawake wasio na nguo, wenye shingo ndefu, wengine hata macho hawana, akamweleza kwamba kwao mtu huchora mwili wa mwanamke kama mwingine anavyochora mlima, Dorika akakifunika kitabu kwa khanga yake akaendelea kufua. Lakini Julai ya mwaka ule, alipoombwa kwa adabu mara ya tatu, alikubali, akakaa kwenye mkeka alasiri sita, mlango umefungwa, bila nguo, akachorwa. Alisema hakushawishiwa kwa zawadi yoyote, ila tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtazama muda mrefu hivyo bila kumtuma kitu. Picha yenyewe hakuiona ilipokamilika, na mwaka 1987, mradi wa visima ulipokwisha, ilifungwa kwenye sanduku la mbao ikaenda Italia.

Tarehe 15 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Ndugu Festo, mtumishi wa reli Manyoni, wakajaliwa watoto wawili, Eliana mwaka 1990 na Nathan mwaka 1993. Habari ya picha ile hakumwambia mumewe. Miaka hiyo ndiyo nchi ilikuwa imefungua milango, vitu vya nje vikamiminika, na marehemu akaingiwa na hofu kwamba picha ile nayo itarudi, ibandikwe mahali, na Festo aione akiwa amesimama na wenzake.

Ndiyo maana alianza biashara ya mitumba mwaka 1991, akawa hakubali mtu mwingine afungue robota, anakata kamba mwenyewe, anakung'uta kila koti, anakunjua kila gazeti lililofungiwa viatu, sisi tukimsema kwamba ana uchoyo wa kuchagua nguo nzuri. Kila Januari alizunguka vinyozi wote wa Manyoni kukagua picha za kalenda zao. Duka moja lilipoleta televisheni mwaka 1995, alikuwa akitoka nje kila zikisomwa habari za Ulaya, na siku Mchungaji alipohubiri juu ya Eva kujiona yu uchi, marehemu alitoka kwenye kwaya akitokwa jasho, tukadhani malaria, tukampa dawa.

Novemba 2001 alianza kuvimba miguu, akaonekana ana tatizo la moyo, akalazwa Singida mara mbili. Mei mwaka huu ilifika bahasha kutoka Italia yenye jina la marehemu, watu wa posta Manyoni wakaitia kwenye sanduku la barua la reli, Festo akaileta nyumbani bila kuifungua, akaketi kitandani kusubiri isomwe. Ndani mlikuwa na barua ya salamu na picha ya kamera ya ile picha iliyochorwa. Marehemu alisema moyo wake mgonjwa ulidunda akadhani ndiyo mwisho, akamweleza mumewe yote, akampa picha.

Festo aliishika muda mrefu. Uso wa aliyechorwa ulikuwa mtupu, hauna macho wala mdomo, mwili umepakwa rangi ya udongo na buluu, hata mama mzazi asingemtambua, na marehemu angeweza bado kusema si yeye. Lakini mguu mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya mwili, vile anavyokaa akichambua mlenda.

"Huyu ni wewe," Festo alisema, na marehemu akangoja aambiwe arudi kwao. "Julai ile ya Manyoni, hukusikia baridi?"

Akajibu kwamba alisikia, akalia, akalala hadi asubuhi.

Dorika alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2002, akiwa na miaka thelathini na minane, miezi minne na siku ishirini na sita. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manyoni, wanakwaya, wafanyabiashara wenzake wa mnadani, watumishi wa reli, na Mama Bruna huko aliko.

Picha ipo, iko kwenye mfuko wa koti alilovaa shemeji yetu Festo hapa, na tunaomba mtu asimsogelee kutaka kuiona. Pumzika kwa amani, dada, sasa tunajua wote.