Magari ya Moshi Yanatafuta Albamu

Baraza ya nyumba yetu ya Mkunazini iko chini ya dirisha langu hasa, kiasi kwamba nikisimama kupiga pasi nasikia hata mtu anavyopuliza kahawa yake. Wanaokaa hapo wanapaita Stesheni, na mume wangu Shaame naye wanamwita hivyo hivyo, kwa sababu ya picha zake. Katika kila pakiti ya sigara za Mnara hutiwa kadi ndogo: mbele gari la moshi la nchi fulani, nyuma maelezo yake. Shaame amezipata zote isipokuwa moja, gari la Uswisi, lile linalopanda mlima kwa meno ya chuma. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba kifua chake hakitaki tena moshi. Akakubali, lakini kwa nadhiri yake mwenyewe: siku atakayolipata la Uswisi na kuzitia kadi zote kwenye albamu, hatavuta tena. Mume wangu akisema neno halirudishi, na hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu. Maana neno lile lilikuwa na upande wa pili: mpaka alipate, atavuta.

Alasiri ile alikuja na albamu tatu alizoazimwa na mwenye duka la picha ili achague. Masika yalikuwa yamezipiga kadi, mbili zimeshaota ukungu na nyingine zimejikunja kama maganda. Ya kwanza ilikuwa albamu ya stempu, yenye mikanda ya karatasi ya kuchomeka. Ya pili ya kurasa nyeusi, na pembe ndogo za kushikia picha. Ya tatu ilikuwa kitabu kitupu cha karatasi nene, cha kubandika kwa gundi. Akazipanga barazani, wenzake wakazishika, na Mcha muuza kahawa akaweka dele lake la kahawa chini ili naye azione.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Makungu, fundi cherehani, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Alisema albamu zote tatu ni upuuzi. Kadi zitiwe kwenye kopo la biskuti pamoja na karafuu, mdudu hasogei.

— Karafuu ina mafuta, akasema Silima. Magari yako yote yatakuwa meusi.

— Gari la moshi ni jeusi tangu hapo.

— La Bara Hindi ni jekundu, Redio. Hujaliona hata gari la moshi lenyewe.

Silima huyu jina lake la barazani ni Mombasa, kwa sababu alifanya kazi huko wakati wa vita na tangu arudi hajamaliza kusimulia. Alieleza kwamba karatasi inapumua, ukiifungia ndani ya kopo inatoka jasho, na jasho ndilo linaloleta ukungu. Redio akasema kama tatizo ni pumzi, basi pumzi iondolewe: ichukuliwe pampu ya baiskeli, ngozi yake ya ndani igeuzwe, ivute hewa yote koponi. Mcha akauliza kopo litazibwaje. Redio akasema lizibwe kwa nta. Mombasa akasema nta itayeyuka, labda kopo lizikwe mchangani, kwenye ubaridi. Shaame akawauliza kama wanataka kuhifadhi kadi zake au kuzifanyia maziko, kisha akaanza kukohoa, na kile kikohozi kikachukua muda wake.

Kilipomwacha, aliwasha sigara nyingine.

Nilisema kupitia dirishani:

— Baba Mize, chukua yoyote. Zote zina kurasa.

— Nitachukuaje, nami ningali na pengo? Hii ya gundi siwezi, ukishabandika ndiyo basi. Nikipata kadi safi zaidi nitaibadilishaje? Na la Uswisi nitalitia wapi?

— Liachie nafasi.

— Nafasi si gari, mke wangu.

Wenzake wakacheka. Mimi nikarudi kwenye pasi. Kwa kadi zenyewe, nakubali, hoja yake ilikuwa sawa. Albamu ya pembe ndiyo bora, unaweka na kutoa upendavyo, na nyuma unasoma. Lakini mimi sikuwa nawaza kadi. Kitu unachoweza kuweka na kutoa hakifiki mwisho, wala sigara hazingefika, na mwanangu wa mwisho hajaanza hata chuo cha Kurani.

Waliendelea. Redio alikuwa ameshafika kwenye chupa ya dawa kutoka hospitali, kadi zitiwe humo, alipopita mzee mmoja mwenye kikapu, akawasalimu. Wakampa nafasi na kikombe. Alisema anaitwa Duni, anatoka Bwejuu, kaja kumtazama binti yake aliyejifungua, mama na mtoto wote wazima. Wakamwambia hongera. Yeye akatoa pakiti mpya ya Mnara kusherehekea, akaifungua, akawapitishia. Halafu akachungulia ndani, akaigeuza, akaipiga kiganjani.

— Samahanini, mabwana. Mjukuu wangu kule shamba kantuma picha. Hii ya tatu nafungua tangu jana. Picha zimekwenda wapi?

Redio alianza kusema labda zinadondoka melini, akaishia katikati. Shaame alitoa pakiti yake ya asubuhi. Mwenyewe alikuwa amelalamika tangu juzi kwamba hazina kitu, akimtuhumu mwenye duka kuwa anazichomoa. Sasa alitoa na ile ya zamani anayotilia kadi, akaziweka sambamba gotini.

— Hapa pameandikwa kuna picha ndani, alisema. Huku hapajaandikwa.

— Labda wamesahau, akasema Redio.

— Hawasahau kiwandani. Wameacha kuzitia.

Pasi ilikuwa mkononi mwangu na sikuiinua, mpaka kola ya nguo ya binti yetu Mize ikaanza kunuka. Nilijua kinachofuata, na kweli Mombasa alikuwa ameshaanza: yupo baharia mmoja anayemjua, anapita bandari ya Mombasa kila mara, watu wa melini wana picha za kila namna, akiandikiwa hatokosa la Uswisi. Ni suala la kungoja tu. Na kungoja kwa Shaame ni kuvuta.

Shaame alikuwa akizipanga kadi zake kwenye kiganja, polepole, moja juu ya moja. Alimsikiliza Mombasa mpaka mwisho. Kisha akaisukuma pakiti yake ya asubuhi, bado ina nusu, mbele ya yule mzee wa Bwejuu.

— Chukua, mzee wangu. Mie nshavuta zangu.

Akainua uso dirishani.

— Mwanaasha.

— Abee.

— Unga wa ngano upo?

Ulikuwepo kidogo, wa chapati za watoto.

— Upo.

— Nipikie gundi.

Redio alishtuka kama aliyechomwa na sindano yake mwenyewe.

— Stesheni, ya unga? Mende watakuja kula. Na ukibandika hazibanduki tena. Baharia akija na la Uswisi je?

— Nnajua hazibanduki, akasema Shaame. Sasa hizi ndizo zote.

Akazisukuma zile albamu mbili nzuri kando, akaifungua ile ya tatu ukurasa wa kwanza, akaulainisha kwa kiganja. Mimi sikungoja aniite mara ya pili. Niliweka sufuria jikoni, nikaumimina unga wote, na gundi nikaipika nzito.