Mama Vikombe na Mayai ya Wodi ya Figo

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa seremala na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1979, kisha akachaguliwa kusomea lishe. Baba alimuuliza, "Miaka mitatu kusomea kupika?" Akajibu, "Kusomea nani asile nini, baba."

Mwaka 1984 aliajiriwa katika wodi ya figo. Wagonjwa walimwita Mama Vikombe, kwa kuwa aliwapimia maji yao ya siku kwa vikombe. Mwaka 1987 aliolewa na fundi wa mashine za kusafisha damu, aliyemkuta akigombana na mgonjwa juu ya chumvi. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006 alishiriki utafiti ambamo wagonjwa wanaosafishwa damu walipunguziwa nyama, mayai na maharagwe, ili sumu mwilini ipungue. Mwezi wa nne wa utafiti alipima mikono yao kwa utepe, akaona inakonda. Akampelekea daktari mkuu vipimo.

"Imebaki miezi miwili tu, dada. Vumilia."

"Mimi navumilia, daktari. Wao wanakwisha."

Siku ileile, bila ruhusa, alirudisha mayai kwenye sahani za wagonjwa kumi na mmoja. Alisimamishwa kazi, na sahani zikarudi kama zilivyokuwa. Kwa wiki saba alikaa nyumbani, simu ikilia anashtuka. Mara mbili ilikuwa habari ya kifo. Hatimaye kamati ilikagua vipimo vyake, ikasitisha utafiti na kumrudisha kazini. Hakushangilia. Wale wawili aliwataja hadi mwisho, akisema alichelewa kupima.

Mwaka 2019 shinikizo la damu liliharibu figo zake mwenyewe, akawa mgonjwa wa wodi ileile. Tarehe 8 Juni 2023 moyo wake haukumudu tena mashine, akakubaliana na madaktari waiache. Jumapili alimwomba mdogo wake, anayesoma wasifu huu, ndizi mbivu. Mdogo wake alisita, maana ndizi ina madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, nayo huweza kusimamisha moyo.

"Dada, si unajua ndizi itakufanya nini?"

"Najua kuliko wewe. Menya."

Alikula nusu, taratibu, akampa mdogo wake nusu nyingine, akamwangalia mpaka akaimaliza. Alifariki Jumatatu tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake, na wagonjwa ambao baadhi yao wataondoka hapa mapema kuwahi mashine. Waende salama. Naye sasa apumzike, kwa amani.