Florindo Araya Choque na Nyumba Isiyo na Paa ya Santa Brígida

King'ora cha mvuke kililia mlio mmoja mrefu, na kabla hakijanyamaza mtoto naye akalia. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akisimulia kuzaliwa kwa marehemu Florindo Araya Choque, alfajiri ya tarehe 14 Machi 1944, katika kambi ya Santa Brígida, machimbo ya shura, ile chumvi ya mbolea na baruti, jangwani nyuma ya mji wa Iquique, nchini Chile. "Zamu ilimwita," mama alisema, "naye akaitika."

Alisoma katika shule ya kambi hadi mwaka 1960, machimbo yalipofungwa. Familia zilifunga vitanda juu ya malori zikateremka pwani. Mama yake hakuteremka. Alikuwa amekwisha kuzikwa kulekule, chini ya msalaba wa mbao ambao Florindo aliupaka rangi ya buluu kila mwaka.

Mjini aliajiriwa katika kiwanda cha kusaga samaki, akawa fundi wa matangi ya mvuke hadi alipostaafu mwaka 2009. Tarehe 8 Oktoba 1966, huko Pozo Almonte, alifunga ndoa na Zunilda Vega, binti wa safu ya pili ya nyumba za kambi ileile. Bi Zunilda hakumruhusu kuingia ndani na nguo za kazi. "Vulia uani, mzee. Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na dagaa." Marehemu alivua huku akicheka, akaingia na soksi.

Kuhusu ugonjwa, familia haina la kuandika. Hakuugua. Jumatatu alibeba mtungi wa gesi begani. Jumanne hayupo. Hadi asubuhi ya leo Bi Zunilda bado anatoa vikombe viwili kabatini, kisha anasimama navyo.

Jumanne hiyo, tarehe 1 Novemba 2022, Sikukuu ya Watakatifu Wote, walipanda basi pamoja na wenzao wa zamani, kama kila mwaka, wakiwa na mikate ya parachichi, chupa ya chai na shada la maua ya bati, maana maua mabichi hayavumilii jua la kule. Desturi ya watu wa machimbo ni kwamba wakitoka makaburini kila familia hufagia nyumba yake ya zamani, hata kama zimebaki kuta tu, na kunywa chai humo.

Makaburi yako juu ya mwinuko. Bi Zunilda alilazimika kukaa chini njiani, akapumzika, akajaribu tena, na safari hii goti likakataa kabisa kumwinua. Florindo alimshika kwapani akamsimamisha, kisha akapanda peke yake na shada.

Alipoteremka, kwenye nyumba ya zamani ya kwao alipiga hodi mahali pasipo na mlango.

"Karibu, lakini futa miguu!" mkewe, aliyetangulia polepole kufagia, alimjibu kutoka ndani.

"Nifute wapi, bibi wee? Ndani jangwa, nje jangwa."

Hata hivyo alifuta.

Alifariki mchana huo, akiwa ameketi ndani ya kuta alimozaliwa, kikombe cha chai kikiwa bado na joto mkononi. Bi Zunilda alidhani anatania. Alimgombeza kwanza.

Wote waliomfahamu walijua alikotaka kulala. "Mjini wafu wanabanana kama wako sokoni," alikuwa akisema. "Mimi nitanyoosha miguu yangu kando ya mama." Alikuwa ameshapanga mawe kuzunguka nafasi yake. Kwa hiyo katika mkesha, mdogo wake, Nibaldo, alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji, umemnyang'anya kaka yangu jangwa lake! Miaka yote anasema, leo hii unamleta huku kwenye saruji?" Leo Bi Zunilda ameomba jibu lake lisomwe hapa kaburini mjini, Nibaldo alisikie pamoja na wengine.

Marehemu ameacha mjane, Zunilda, watoto wawili, Yanett na Ramiro, wajukuu wanne, na mdogo wake, Nibaldo. Mungu ampe usingizi wa amani.

Na jibu ni hili. Baada ya kufagia, mkewe alitandika kitambaa akamimina chai. Florindo hakunywa. Aliutazama mwinuko wa makaburi, akalitazama goti la mkewe lililovimba, akautazama tena mwinuko. Kisha akaongea kwa sauti ndogo sana, hata Bi Zunilda ikabidi amsogelee.

"Zuni, msinilaze kule juu. Niweke mahali utakapofika kwa miguu."