Kalondu Mutie, Nesi Aliyeogopa (1940–1996)

Miezi miwili kabla ya kutuacha, marehemu aliniomba niandike wasifu huu. Akaniambia, "Ndinda, usiandike kwamba nilikuwa jasiri. Niliogopa maisha yangu yote, na watu wasikie hivyo." Wengine katika familia hawakufurahia. Lakini mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na nilimwahidi.

Peninah Kalondu Mutie alizaliwa tarehe 9 Agosti 1940 huko Zombe, Kitui, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Mbuvi Kiema na marehemu Mama Kavata. Tangu utotoni aliogopa radi, aliogopa jogoo wa shangazi yetu, aliogopa hata kuitwa jina darasani.

Alisoma Zombe hadi darasa la nane, akamaliza mwaka wa 1957. Mwaka wa 1959 aliingia mafunzo ya unesi katika hospitali ya misheni. Siku ya kwanza kuona kidonda kikisafishwa alizimia, akaangukia meza ya bandeji zilizochemshwa. Metroni alimfanya azifue zote upya. Alizifua, na kesho yake akarudi wodini. Alihitimu mwaka wa 1962 na kuajiriwa Kitui mjini.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa kanisani na Bwana Jonah Mutie, karani wa reli. Jonah alipohamishiwa Emali mwaka wa 1968, marehemu alimfuata, akapata kazi katika zahanati ya kanisa huko. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Kyalo.

Mwaka wa 1976 alipelekwa Machakos kwa mafunzo ya wiki sita. Barabara ya Mombasa ilikuwa ikiiletea zahanati majeruhi kila mwezi, na wengi walipona mifupa lakini hawakuweza tena kupanda gari. Huko manesi walifundishwa kumsaidia mtu wa namna hiyo alegeze mwili, kuanzia nyayo hadi taya, kisha akisogelee kile anachokiogopa kidogo kidogo: leo alitazame lori kwa mbali, kesho aguse mlango, na mwili ukikaza arudi nyuma apumue. Marehemu aliwasaidia madereva wengi hivyo. Hakuna aliyelalamika.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1979, alipoletwa Bi. Wariara, mke wa Bwana Thuo mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa amepata ajali wala msiba. Siku moja tu aliogopa kwamba chakula kitamkwama kooni, na tangu hapo hakumeza kitu kigumu. Madaktari wa Nairobi hawakuona ugonjwa wowote kooni. Alikuwa na kilo thelathini na saba. Marehemu aliomba ajaribu mafunzo ya Machakos kwake. Msimamizi wa zahanati alimjibu, "Sista, hayo ni ya watu wa ajali. Ukimlisha huyu akafa, ni wewe umemuua."

Marehemu hakulala vizuri wiki hiyo, lakini alienda nyumbani kwa Wariara. Siku za kwanza Wariara alishika kijiko kitupu tu, mkono mwingine tumboni, akipumua taratibu. Halafu akalowesha midomo. Halafu maji. Wiki ya tatu walifika kwenye uji, na siku hiyo nilikuwapo, nikiwa nimemtembelea dada yangu. Kijiko cha nne kilimkwama. Wariara alitoa macho, midomo ikageuka rangi, na Bwana Thuo akapiga kelele, "Ameshakufa! Mmemuua!" Marehemu alimwinamisha akampiga mgongoni, mara moja, mara mbili, mara tano, na mimi nilikuwa nimeganda pale mlangoni. Uji ukatoka. Wariara akavuta pumzi yenye mlio ambao bado ninausikia. Thuo alitufukuza. Nyuma ya jiko lao marehemu alitapika, kisha tukaenda nyumbani.

Kesho yake mchana Wariara alikuja mwenyewe kwa miguu, amejifunga leso, akaketi jikoni kwa dada.

"Mama Kyalo," alisema, "jana ilinikwama kweli kweli. Na sikufa."

"Mimi karibu nife," marehemu akajibu.

"Basi tuendelee. Mume wangu nitaongea naye."

Baada ya miezi minne Wariara alikula muthokoi wa mahindi na maharagwe, sahani nzima, mbele ya mumewe.

Habari zikaenea. Walikuja wanafunzi waliotetemeka kwenye mtihani, akina mama walioogopa kuzaa, na Mzee Mutiso, ambaye mguu wake ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari lakini bado ulimuuma ingawa haukuwepo tena. Mwaka wa 1983 wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kama huku kufumba macho na kupapasa mabega si uganga. Alisimama mbele yao huku sauti ikikatika. "Sijui kupiga ramli," alisema. "Ninajua tu kwamba mwili ukiogopa unakaza, na unaweza kufundishwa kulegea." Walimwacha aendelee, kwa tofauti ya kura moja.

Sasa nitasoma jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisomwe. Mwezi wa Juni 1986 alikuja Bwana Mulei, fundi wa nguo, akisema kifua kinabana na moyo unakimbia. Marehemu aliamini ni hofu. Akamlaza, akamlegeza mabega, akamwambia arudi Alhamisi. Mulei alikufa Jumatano. Ulikuwa ni ugonjwa wa moyo. Marehemu alienda kwa mjane wake, akamwambia bila kuficha, "Nilidhani ni woga. Sikumpeleka kwa daktari." Mjane akafunga mlango. Kwa mwaka mzima marehemu hakumgusa mtu. Aliporudi, hakuna aliyeanza naye kabla ya kupimwa na daktari, hata angemlilia.

Aliugua Septemba 1995. Ilikuwa saratani ya ini. Alipoambiwa, alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Sisi tulimwambia alegeze mwili kama alivyofundisha wengine. Akatikisa kichwa.

"Ile ni ya mtu anayeogopa kitu ambacho hakitamuua," alisema. "Hiki kinaniua. Niacheni niogope. Ila msiniache peke yangu."

Hatukumwacha. Tulipokezana, Jonah, watoto na mimi. Hatukumwambia tena asiogope. Alifariki tarehe 11 Machi 1996, saa tisa alasiri, nyumbani Emali, akiwa na miaka hamsini na mitano. Alikuwa ameniuliza, "Uko hapo?" Nikasema, "Niko." Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu hakuuliza.

Ameacha mume wake, Jonah, watoto wake Kyalo, Mueni na Kioko, wajukuu wawili, na ndugu wanne, mimi nikiwa mmoja wao.

Dada, Bwana akupokee mikononi mwake, upumzike.