Siku Benchi la Ouakam Lilipogoma Kusalimia

Pale Ouakam, barabara ya pwani inapopinda kabla ya kupanda kwenda mnara wa taa, kuna benchi la wazee watatu ambalo halimpitishi mtu bila salamu. Hujambo tupu haitoshi. Utaulizwa mama, watoto, mbuzi, paa la nyumba, halafu mtaanza upya. Benchi hilo hunyamaza siku ya msiba tu. Salamu hizo ndizo zilizompotezea kijana Alasane kazi. Alikuwa akiongoza watalii kwa baiskeli za umeme, akasalimia kila benchi tangu mjini, wakafika mnarani wali na samaki vimeshaliwa na paka. Leo anayeongoza ni Ndumbe, binti yake Baba Biram wa benchi hilo, na bosi mwenyewe, mtu aliyekulia ughaibuni, yuko nyuma ya msafara anampima. Akichelewa, basi tena. Biram tangu asubuhi kikombe cha kahawa ya Touba amekishika tu, hakinywi.

Wenzake wawili ameshawaapisha: Ndumbe akitokea, hakuna kusalimia. Macho baharini, midomo kimya.

— Hata mkono tusipunge? Breki, dereva mstaafu wa basi, hakuamini.

— Hata kope usipepese.

Volti, fundi redio, akaona awafundishe. Baiskeli zile, alisema, hunyonya umeme wa radi zilizozama baharini, ndiyo maana haziachi ufuko.

— Wewe Diop, alisema Breki, akimtania Volti kwa jina la ukoo wake, redio ya mama yangu tangu uiguse inashika stesheni za Mali tu.

— Mtani wangu Ndiaye, nyinyi mkishaona wali hamsikii la mtu. Baiskeli hiyo, ukibonyeza kitufe cha tatu, inaruka mpaka kisiwani Gorée.

— Gorée karibu. Mimi nasikia inajua njia yenyewe. Anayeongoza ni pambo tu.

Neno hilo lilimchoma Biram.

— Pambo? Mwanangu mwezi mzima anapanda kile kilima kabla hamjaamka. Kila shimo la barabara hii analijua. Muulize upepo unakatia wapi, atakwambia. Pambo ni wewe na kofia yako.

Breki akaomba radhi. Kabla hajamaliza, kengele zikalia kwenye kona.

Ndumbe alikuwa mbele, kofia ngumu ya manjano kichwani, mgongo umenyooka, na nyuma yake msururu wa wageni wanacheka kwa raha huku mawimbi yakipasuka chini ya jabali. Biram alitamani kupanda juu ya benchi aitangazie Ouakam nzima kwamba yule ni wake. Akajikaza, akageukia bahari. Wenzake wakageuka pia, migongo mitatu kwenye mstari.

Baiskeli zikapita. Halafu breki zikalia.

Ndumbe alirudi kwa miguu, kofia mkononi, uso umemshuka.

— Baba, nani amekufa?

Breki akamtazama Volti. Volti akatazama kikombe chake.

Huko nyuma wageni wakaanza kuvua kofia, mmoja mmoja. Bosi akaitazama saa yake, akavua naye, akaja mpaka kwenye benchi kumpa Biram mkono wa pole. Biram akaupokea. Akaanzia pale anapoanzia siku zote.

— Asalaam aleikum. Mama yako hajambo?

Bosi akajibu kwamba hajambo. Akasimama kidogo, mkono bado umeshikwa, kisha akaketi kwenye benchi.

— Na wako, mzee?